Kukopa Harusi, Kulipa Matanga: Kisa cha Mabenki ya Iceland

Bismillahi Rahmani Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Katika misikiti inayosalisha juzuu moja kila usiku, usiku wa tatu wa tarawehe imamu huzifikia aya za mwisho za Surat al-Baqara. Hapo huja aya za riba, kisha aya ya kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki, kisha aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Hebu jiulize: aya ndefu kuliko zote yazungumzia nini? Haizungumzii vita wala pepo wala moto. Yazungumzia deni: namna ya kuliandika, nani aandike, nani ashuhudie, na muda gani litalipwa.

Mimi aya hii niliihifadhi madrasa nikiwa mdogo, na ustadh wetu hakuacha kutukumbusha kuwa kila neno humo lina hikma yake. Lakini nitakuambia ukweli, uzito wake niliuhisi miaka mingi baadaye, nikiwa katika darasa la uchumi chuo kikuu, mhadhiri alipotusimulia habari za kisiwa kimoja cha Ulaya kinachoitwa Iceland. Leo nataka nikusimulie kisa hicho, ili usiku wa tatu ukizisikia aya zile uzisikie kwa sikio jipya.

KISIWA CHA SAMAKI

Iceland iko kaskazini kabisa mwa Ulaya, karibu na ncha ya dunia. Huko Ramadhan ikiangukia mwezi wa Juni, ndugu zetu Waislamu wachache walioko mji mkuu wa Reykjavík hufunga karibu saa 22, kwa sababu jua halitaki kuzama. Mwaka 2008 nchi nzima ilikuwa na watu takriban 315,000. Ukitaka kulinganisha, sensa yetu ya mwaka 2009 ilihesabu zaidi ya watu 939,000 katika Mombasa peke yake. Kwa hivyo Iceland yote ilikuwa kama thuluthi ya Mombasa.

Kwa miaka mingi watu hawa waliishi kwa uvuvi, kama wazee wetu wa Lamu na Pate, ila bahari yao ni ya baridi. Walikuwa chini ya Denmark mpaka walipotangaza jamhuri yao tarehe 17 Juni 1944. Hawakuwa matajiri, lakini walijitegemea.

Tatizo lao kubwa lilikuwa pesa yao, inayoitwa krona. Bei za vitu zilikuwa zikipanda bila breki. Mwaka 1981 walilazimika kufuta sifuri mbili, krona 100 za zamani zikawa krona 1 mpya. Hata hivyo, mwaka 1983 mfumuko wa bei ulipita asilimia 80. Yaani kitu ulichonunua kwa krona 100 mwaka huu, mwaka ujao ni 180 na zaidi.

Sasa fikiria, katika hali kama hiyo anayekopa na anayekopesha, nani hudhulumika? Katika miaka ya 1970 aliyedhulumika alikuwa mwenye kukopesha. Mtu alikopa pesa za kujenga nyumba, na baada ya miaka kumi akalipa noti zile zile, lakini noti zenyewe hazinunui hata mlango wa nyumba hiyo. Mzee aliyeweka akiba yake benki akaiona ikiyeyuka kama barafu juani. Tuseme haki: ile pia ilikuwa dhulma.

DENI LILILOFUNGWA NA BEI

Ndipo mwaka 1979 serikali ikapitisha sheria ya kulifunga deni na bei za vitu. Maana yake ni hii: bei za madukani zikipanda kwa asilimia 10, basi na deni lako lenyewe lapanda kwa asilimia 10. Riba inakuja juu ya hapo. Mishahara nayo ilikuwa imefungwa na bei hizo hizo, kwa hivyo watu walisema, haya, yote yapanda pamoja, si neno.

Lakini mwaka 1983, ili kuupunguza ule mfumuko, serikali ikaikata kamba ya mishahara. Mshahara haukupanda tena wenyewe pamoja na bei. Je, deni nalo likafunguliwa? La. Deni likabaki limefungwa.

Ndugu yangu, simama hapa kidogo uitazame hali hiyo. Mfanyakazi ana mkono mmoja uliobeba mshahara na mkono wa pili uliobeba deni. Bei zikipanda, deni lazidi uzito na mshahara haujui habari. Kuanzia siku hiyo hatari yote ya pesa kupoteza thamani aliachiwa mwenye kudaiwa abebe peke yake. Benki ikalala usingizi.

Kwa miaka kadhaa baadaye bei zilitulia, na watu wakasahau. Na hii ndiyo tabia ya binadamu. Mvua isiponyesha miaka miwili, mtu hujenga katika mkondo wa maji.

MABENKI YABADILIKA

Zamani mabenki makubwa ya Iceland yalikuwa mali ya serikali. Landsbanki, iliyoanzishwa karne ya 19, ilikuwa ndiyo benki ya taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kuyauza, na kufikia mwaka 2003 yote yalikuwa mikononi mwa watu binafsi. Yakabaki matatu makubwa: Kaupthing, Landsbanki na Glitnir.

Wenye mabenki hawa wapya hawakuridhika na wateja wa kisiwani. Wakaenda kukopa katika masoko ya Ulaya, ambako wakati huo pesa zilikuwa rahisi, kisha wakakopesha na kununua makampuni huku na huku. Wewe mpenda mpira huenda umewahi kusikia kwamba mwaka 2006 klabu ya West Ham United ilinunuliwa na kundi la Waiceland. Mwenye pesa mkubwa katika kundi hilo alikuwa mwenyekiti wa Landsbanki. Katika miaka michache tu, mali ya mabenki hayo matatu ikafika karibu mara 10 ya pato la taifa zima kwa mwaka. Yaani nchi ilikuwa kama mtu mwenye duka dogo aliyemdhamini tajiri mwenye madeni mara kumi ya duka lake. Tajiri akianguka, mdhamini atalipa nini?

Nyumbani nako mambo yakapamba moto. Mpaka wakati huo mikopo ya nyumba ilikuwa kazi ya mfuko wa serikali, uliokuwa na mipaka yake. Agosti 2004 mabenki yakaingia katika biashara hiyo kwa kishindo, kwa riba iliyo chini ya asilimia 5 juu ya kile kiasi kilichofungwa na bei. Wakashindana. Huyu akisema nakupa asilimia 80 ya bei ya nyumba, yule asema mimi 90. Kabla mwaka haujaisha wako waliotoa asilimia 100. Bei za nyumba zikaruka, na zilivyoruka watu wakaona ni wajinga wakibaki nyuma. Wengine hawakununua nyumba mpya. Walichukua mkopo mpya juu ya nyumba waliyonayo, wakanunua gari na kusafiri.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Mtu na mkewe wamekopa krona milioni 20 mwanzo wa mwaka 2005, walipe kwa miaka 40. Kati ya wakati huo na mwanzo wa mwaka 2009, bei za vitu nchini zilipanda kwa karibu asilimia 40. Wamelipa kila mwezi kwa miaka minne, hawakuchelewa hata siku moja. Wanadaiwa kiasi gani? Zaidi ya milioni 26. Wamelipa, na deni limekua. Walipolala lilikuwa likikua, na walipokuwa kazini lilikuwa likikua.

MIKOPO YA YEN

Kama hilo halitoshi, likaja jingine. Riba ya krona ilikuwa juu sana. Mapema mwaka 2008 riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 15.5. Mabenki na makampuni ya kukopesha magari yakawaambia watu: mbona ujisumbue na krona? Chukua mkopo uliofungwa na yen ya Japani au faranga ya Uswisi, riba yake ni ndogo sana.

Mtu hakupewa yen mkononi. Alipewa krona, na mshahara wake ni krona, lakini deni lake liliandikwa kwa kipimo cha pesa za nchi asiyowahi kuiona. Maadam krona ina nguvu, alilipa kidogo na kufurahi. Krona ikidhoofika, deni lapanda. Wenye biashara nao walifanya hivyo hivyo, na sehemu kubwa ya madeni ya makampuni ilikuwa kwa sarafu za kigeni. Hata wenye meli za uvuvi, ambao angalau wao huuza samaki nje, walikopa kwa kuweka rehani haki zao za kuvua.

Mwanzo wa mwaka 2008 yuro moja ilikuwa karibu krona 90. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa karibu krona 170. Yen nayo ilipanda zaidi ya maradufu. Aliyekopa gari la milioni 2 kwa kipimo cha yen akajikuta anadaiwa zaidi ya milioni 4, na gari lenyewe limechakaa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Huko matanga yaliingia kila nyumba.

RAMADHAN YA MWAKA 1429

Wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mlikuwa wadogo wakati huo, kama mimi, au hamjazaliwa. Ilikuwa Septemba 2008, na kwetu ilikuwa Ramadhan ya mwaka 1429. Katikati ya mwezi benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, ikaanguka, na mabenki ya dunia yakaacha kukopeshana. Mabenki ya Iceland yaliishi kwa kukopa leo ili kulipa ya jana, kwa hivyo mlango ulipofungwa yakakosa pumzi.

Katika kumi la mwisho, tarehe 22 Septemba, Kaupthing ilitangaza habari njema: shekhe mmoja wa ukoo wa watawala wa Qatar amenunua zaidi ya asilimia 5 ya hisa zake. Watu wakatulia. Tajiri wa Ghuba ameiamini benki yetu, basi iko salama. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba pesa za kununulia hisa zile zilitoka katika benki yenyewe, kwa njia ya mkopo. Shekhe hakushtakiwa kwa lolote. Lakini wakubwa wa benki walishtakiwa, na Februari 2015 Mahakama ya Juu ya Iceland iliwahukumu watu wanne vifungo vya kati ya miaka 4 na miaka 5 na nusu. Wasomaji waliosoma babu ya biashara katika fiqhi wanajua jina la kumfanya mnunuzi aone kitu kina thamani ambayo hakina: huo ni udanganyifu, wala haubadiliki kwa kuvaa suti.

Tarehe 29 Septemba, sisi tukiwa tunangojea mwezi uandame tusali Idi, serikali ya Iceland ilitangaza kuinunua asilimia 75 ya Glitnir ili kuiokoa. Haikusaidia. Tarehe 6 Oktoba waziri mkuu, Geir Haarde, akatoka kwenye televisheni akawaambia wananchi kwamba nchi yenyewe yaweza kuzama pamoja na mabenki, na akamaliza kwa kumuomba Mungu aibariki Iceland. Usiku huo bunge likapitisha sheria ya dharura. Tarehe 7 serikali ikazichukua Landsbanki na Glitnir, na tarehe 9 Kaupthing. Siku tatu tu, na mabenki makubwa ya nchi yamekwisha.

Kuna jambo hapa ambalo kijana wa Kiislamu hawezi kulisoma bila kutikisa kichwa. Landsbanki ilikuwa imechukua amana za Waingereza zaidi ya 300,000 kwa akaunti za mtandaoni zilizoitwa Icesave. Benki ilipoanguka, tarehe 8 Oktoba serikali ya Uingereza ilizizuia mali zake kwa kutumia sheria ya mwaka 2001 iliyopitishwa kupambana na ugaidi. Waiceland wakapigwa na butwaa. Wavuvi na walimu wa kisiwani wakapiga picha na kuweka sahihi kwa maelfu kuieleza dunia kuwa wao si magaidi. Sisi hatuhitaji kuelezwa jinsi neno hilo linavyouma.

VYUNGU NA SUFURIA

Krona ikaanguka, bei zikapanda, na Januari 2009 mfumuko ulifika asilimia 18.6. Deni likapanda papo hapo. Ukosefu wa kazi, ambao kabla ya hapo ulikuwa chini ya asilimia 2, ukapanda mpaka karibu asilimia 9. Bei za nyumba zikashuka, kwa hivyo familia nyingi zikawa zinadaiwa kuliko thamani ya nyumba wanayolala ndani yake. Hata wakiuza, bado wana deni.

Watu wakatoka. Kila Jumamosi walikusanyika uwanjani mbele ya bunge, na Januari 2009 walikuja na vyungu, sufuria na miko, wakavigonga mpaka wabunge wasisikilizane. Tarehe 26 Januari serikali ikajiuzulu.

Baadaye bunge likaunda tume ya uchunguzi. Ripoti yake ya Aprili 2010 ilikuwa na majuzuu tisa. Moja katika mambo waliyoyagundua ni kwamba wenye hisa wakubwa wa kila benki ndio hao hao waliokuwa wakikopa zaidi kutoka benki yao. Mwananchi wa kawaida aliulizwa hati ya nyumba na mshahara. Mwenye benki alipewa bila maswali.

MAHAKAMA NA MSAMAHA

Mpaka hapa, ndugu msomaji, huenda wasema moyoni: ala, si tuliwaambia, riba ni haramu! Ngoja. Kisa hakijaisha, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike.

Kulikuwa na wadaiwa waliokataa kunyamaza, wakaenda mahakamani. Tarehe 16 Juni 2010 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mikopo ile ya magari, iliyotolewa kwa krona lakini ikafungwa na sarafu za kigeni, ilikuwa kinyume cha sheria ya mwaka 2001. Sheria iliruhusu kufunga deni na bei za vitu, lakini si na sarafu za kigeni. Makampuni yalikuwa yamewasainisha watu mkataba batili kwa miaka, na hakuna mkubwa aliyesema neno. Madeni yakapigwa hesabu upya.

Mwisho wa mwaka huo huo serikali, mabenki na mifuko ya pensheni walikubaliana: familia ambayo deni lake la nyumba limepita asilimia 110 ya thamani ya nyumba, kile kilichozidi kifutwe. Ikaundwa pia ofisi maalum ya kuwatetea wadaiwa. Na mwaka 2014 serikali nyingine ikapunguza tena mikopo iliyofungwa na bei. Mpango wote ulikuwa wa krona bilioni 150: bilioni 80 za kupunguza deni moja kwa moja, na nyingine kupitia akiba za pensheni za watu wenyewe. Sehemu ya kwanza iligharamiwa kwa kodi iliyotozwa mabenki, yakiwemo mabaki ya yale yaliyoanguka.

Haukuwa ukamilifu. Waliokuwa wapangaji hawakupata kitu, na wako waliofilisika kabla msaada haujafika. Na yule waziri mkuu alihukumiwa mwaka 2012 kwa kosa moja tu, bila adhabu. Lakini tazama kilichotendeka: nchi isiyo ya Kiislamu, ilipofikwa, ilibidi imwangalie mdaiwa aliye katika dhiki na kumpunguzia. Na hilo ndilo lililomo katika aya ya 280 ya Surat al-Baqara, inayotuamrisha kumngojea mwenye dhiki mpaka apate wepesi, na kutuambia kuwa kumsamehe ni bora zaidi kwetu. Wao waliifikia njia hiyo kwa machozi. Sisi tumepewa bure, tena twaisoma katika sala.

FIQHI YASEMAJE?

Lile swali la mwanzo bado lipo. Kama pesa yapoteza thamani, je, si haki mkopeshaji alipwe thamani ile ile? Usidhani maulamaa hawakulifikiria. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu ya OIC, ililijadili jambo hili hili katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait, Disemba 1988. Uamuzi wao ulikuwa kwamba deni lililothibiti kwa sarafu fulani hulipwa kwa idadi ile ile, wala haijuzu kulifunga na kiwango cha bei.

Wakati nausoma uamuzi huo mara ya kwanza niliona ni mkavu, kama unamwonea mkopeshaji. Baada ya kuijua Iceland nikauona upande wake wa pili. Siku ya kukopa, mdaiwa ajue anadaiwa nini. Asije akaamka asubuhi akakuta deni limezidi kwa sababu bei ya mafuta imepanda nchi nyingine. Na mwenye pesa akitaka kujikinga na hasara, Uislamu umemfungulia mlango wa biashara: anunue nyumba na kuiuza kwa bei inayojulikana, au ashirikiane na mwenzake, wapate pamoja na wakose pamoja. Asichoruhusiwa ni kuchukua faida yeye na kumwachia mwenzake hatari yote. Aya ya 279 inazitaja pande zote mbili kwa pamoja: mkopeshaji asidhulumu, na yeye pia asidhulumiwe.

NA SISI JE?

Kwa hivyo tusijigambe. Kadari ya Allah, mwaka ule ule wa 2008 mabenki ya Iceland yalipoanguka, ndio mwaka Kenya ilipopata mabenki yake mawili ya kwanza yanayofuata sharia moja kwa moja, Gulf African Bank na First Community Bank. Ilikuwa neema, alhamdulillah. Lakini jina la Kiislamu mlangoni halimwondolei mtu wajibu wa kusoma anachotia sahihi. Ukienda popote, hata kwa ndugu yako, uliza mambo matatu. Kwanza, nitalipa kiasi gani kwa jumla, mpaka shilingi ya mwisho? Pili, kiasi hicho chaweza kubadilika, na kikibadilika ni kwa sababu ya nini? Tatu, nikifikwa na dhiki itakuwaje? Mwenye kukukopesha akishindwa kukujibu mambo hayo kwa lugha unayoifahamu, ondoka.

Na tuseme ukweli wetu. Wangapi kati yetu Ramadhan ikifika kumi la mwisho twaingia simuni kukopa, ati watoto wapate nguo za Idi na sebule ipate mazulia mapya? Wangapi tumeoa kwa mkopo, na deni la ukumbi likaishi kuliko furaha yenyewe? Yule wa Reykjavík alikopa kwa sababu jirani amekopa. Sisi je, hatufanyi hivyo? Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na deni katika sala yake, na alipoulizwa kwa nini, akaeleza kuwa mwenye deni akisema husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Na wakati mmoja aliletewa maiti mwenye deni, hakumsalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulilipa.

Upande wa pili, kama wewe ndiye unayedai, mwezi ndio huu. Pengine yuko mtu anakukwepa msikitini, anasali safu ya nyuma na kutoka kwa mlango mwingine kwa sababu ya elfu tano zako. Mtafute, umwambie nimekupa muda. Ukiweza, mwambie nimekusamehe. Na kamati zetu za zaka zikumbuke kwamba aya ya 60 ya Surat at-Tawba imewataja wenye madeni kuwa miongoni mwa mafungu manane. Wao pia wana haki yao, hata kama wanaona haya kuja kuomba.

Iceland ilisimama tena. Utalii ukakua, na deni lao kwa Shirika la Fedha la Kimataifa walilimaliza mwaka 2015, kabla ya muda wake. Lakini mikopo iliyofungwa na bei haikuondoka. Mwaka 2023 riba ya Benki Kuu ilipofika asilimia 9.25, familia nyingi zilizoshindwa na malipo ya kila mwezi zilirudi kwenye mikopo ile ile, kwa sababu leo walipa kidogo. Kesho, Allah ndiye ajuaye. Binadamu ni msahaulifu, na pengine ndiyo sababu aya ile ni ndefu vile na twasomewa kila mwaka.

Basi usiku wa tatu, imamu akiifikia, miguu ikianza kuuma na nafsi ikisema mbona aya hii haiishi, kumbuka yule mtu na mkewe waliolipa miaka minne na deni likakua. Simama imara, uisikilize mpaka mwisho.

Twamuomba Allah (S.W.T.) atulipie madeni yetu, atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu, azikubali saumu zetu, na awape wepesi wote walio katika dhiki. Amin.

Wabillahi tawfiq.